Shule Inayohesabu Bamvua

Kila matokeo ya darasa la saba yanapotangazwa, mezani petu huletwa barua zenye swali lilelile: watoto wetu wa pwani wana nini? Safari hii hatukutaka kulijibu tukiwa tumekaa Dar es Salaam. Tulipanda basi la Lindi alfajiri pale Mbagala, tukavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, tukapita Somanga huku harufu ya samaki wa kukaanga ikiingia madirishani, na adhuhuri tukateremka Nangurukuru. Kutoka hapo bodaboda zilitupeleka kwenye kijiji kimoja cha wavuvi, si mbali na Kilwa Kivinje.

Msomaji anaijua Kilwa kwa magofu yake. Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331, akamkuta sultani aliyesifika kwa ukarimu, na watu wa dini na elimu wakiheshimiwa barazani pake. Kivinje nako upo ule mji ambamo Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Watu waliokuwa wakiandikiana barua kwa herufi za Kiarabu miaka mingi kabla ya shule ya kwanza ya Serikali hawawezi kuambiwa kwamba kusoma hakumo katika damu yao. Tulikwenda tukiwa na fikra hiyo, na pengine tukiwa na hasira kidogo.

Mwalimu mkuu alitupokea kwa sharti moja, kwamba shule isitajwe jina. Alisema shule ikishasifiwa gazetini watu huacha kuleta kuni. Ni mtu wa bara, na si Muislamu. Nyumba yake inatazamana na chuo cha Qur'ani, na ustadhi wa chuo hicho ndiye jirani anayemgongea mlango chumvi inapokwisha.

Alipohamishiwa hapa, jambo la kwanza lililomsumbua lilikuwa daftari la mahudhurio. Kulikuwa na wiki ambazo watoto walijaa hata madawati yakapungua, na wiki ambazo nusu ya darasa haikuonekana. Aliita wazazi, akakemea, akamwandikia mtendaji wa kijiji. Hayo yote hayakusaidia. Jioni moja alimpelekea ustadhi lile daftari ili amtambulishe watoro ni watoto wa nani. Ustadhi akapekua kurasa, akanyamaza, kisha akauliza: "Mwalimu, siku hizi zilikuwa tarehe ngapi kwa hesabu ya mwezi wetu?"

Walikwenda msikitini kulinganisha na kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani. Utoro ulikuwa ukija mwezi unapoandama, ukapungua, kisha ukarudi mwezi unapofika kumi na tano.

Kwa mtu aliyekulia pwani hilo si fumbo. Mwezi unapoandama na unapopevuka ndipo bamvua huja. Maji hujaa sana na hupwa sana, na katika mwambao wetu kupwa huko kukubwa huangukia kati ya saa nne na saa sita mchana, saa zilezile za masomo. Mwamba huachwa wazi, kina mama hutoka na vijiti vyao kutafuta pweza, na wavulana huwafuata. Mabinti wakubwa hubaki nyumbani na wadogo zao mgongoni, kwa sababu mtoto mchanga hapelekwi mwambani. Siku za maji mafu pweza hapatikani, na darasa hujaa. Hapakuwa na mvivu hata mmoja katika daftari lile. Palikuwa na njaa, na palikuwa na watoto wachanga wasio na wa kuwashika.

Tulikaa shuleni siku tatu, mbili kati yake zikiwa za bamvua. Saa nne kengele ilipogongwa, watoto walipanga foleni wakiwa na vikombe vyao kwenye jiko la mawe matatu. Uji wa mahindi unatokana na michango ya wazazi, pishi kwa kila mtoto kila muhula. Wazazi walikubaliana kutumia pishi kwa kuwa ni kipimo wanachokijua kutokana na Zakatul-Fitri, na hakuna awezaye kukibishania. Haikuwa rahisi. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 wapo walioamini kwamba hata uji ni wa Serikali, na wapo wanaoamini hivyo mpaka leo. Wajane hawadaiwi. Wasiojiweza huleta kuni au kuteka maji. Tulimwona mzee mmoja akibishana na karani wa kamati juu ya pishi lisilojaa vizuri, na mabishano yao yalikuwa marefu kuliko kuhutubu kwa imamu siku ya Ijumaa.

Chini ya mkwaju, hatua chache kutoka darasa la kwanza, mabibi watatu walikuwa wameketi mkekani wakilea watoto wachanga saba. Hilo ndilo jambo tulilolitazama kwa muda mrefu zaidi. Siku za bamvua mama humwacha mtoto kwa mabibi akashuka mwambani, na dada yake huingia darasani. Mapumziko yakifika, dada huja kumtazama mdogo wake, akamfuta makamasi, akarudi kwenye hesabu zake. Mabibi hawalipwi fedha. Hurudi nyumbani na kipande cha pweza kutoka kwa kila mama, nao walituambia kwamba kwa umri wao hawangekipata kwa njia nyingine.

Walimu nao wamebadilisha utaratibu. Herufi mpya au kanuni mpya ya hesabu haifundishwi siku za bamvua. Siku hizo hurudiwa yaliyopita. Mtoto aliyekosa hukaa alasiri na mwalimu kabla ya kwenda chuoni, na ustadhi amekubali kumpokea akiwa amechelewa bila ya kumwadhibu. Baina ya shule na chuo kuna daftari moja linalobebwa na mtoto wa darasa la sita. Mwalimu huandika nani hakuja na nani anasinzia, na ustadhi huandika aliyoyaona yeye.

Daftari hilo ndilo lililomwokoa kijana mmoja wa darasa la tatu. Shuleni alihesabiwa kuwa mzito. Kwa kuwa ni mrefu alikaa nyuma, na kila alipoulizwa kilichoandikwa ubaoni aliinamisha kichwa. Chuoni alikuwa wa kwanza, Juzuu Amma yote ipo kifuani mwake. Mwalimu aliandika: "Hajui kusoma." Ustadhi akaandika chini yake: "Anasoma, lakini msahafu huusogeza hadi puani." Sentensi hizo mbili zilipokaa pamoja katika ukurasa mmoja, mwalimu mkuu alielewa. Alimhamishia dawati la mbele siku hiyohiyo, na sanduku la sadaka la Ijumaa likalipia miwani. Tulipomkuta alikuwa akiwasomea wenzake hadithi kwa sauti, na miwani imefungwa kisogoni kwa uzi wa nyavu.

Matokeo yamepanda, nasi tulionyeshwa orodha. Hatutaandika asilimia, maana mwenyewe alituomba tusizifanye tambo. Tunachoweza kushuhudia ni kwamba katika darasa la pili tulimpa kitabu kila mtoto tuliyemtaka, tukafungua ukurasa tuliouchagua wenyewe, na ni wawili tu waliokwama.

Lakini kuna jambo ambalo uji hauliponyi. Wapo wazazi, katika ukanda huu na kwingineko, wanaomwagiza mtoto aandike ovyo mtihani wa Septemba ili asichaguliwe kwenda sekondari. Tulizungumza na baba mmoja mvuvi aliyekiri kwamba alimwambia binti yake mkubwa hivyo. Hakuwa mjinga wala mkatili. Sekondari iko mbali, angelazimika kumpangishia chumba, masomo yote yangekuwa kwa Kiingereza ambacho hakijui, na aliyaogopa yatakayompata binti akiwa peke yake. "Niliona bora anilaumu akiwa nyumbani kwangu," alisema. Binti huyo sasa ana watoto wawili, na mmoja wao alikuwa chini ya mkwaju siku ile.

Mdogo wake yuko darasa la saba. Baada ya swala ya Isha tulihudhuria kikao barazani kwa imamu, kina mama wakiwa upande wa pili wa pazia. Suala lilikuwa nyumba ya nduguye mmoja wa wanakijiji iliyo karibu na sekondari: je, mabinti wanne wakaishi humo pamoja na mjane wa kuwaangalia, na nani atachangia unga? Sauti zilipanda. Mama mmoja alisema kutoka nyuma ya pazia kwamba wanaume wanaujadili unga ilhali hakuna aliyekwenda kukagua komeo la mlango. Yule baba mvuvi hakuahidi kitu. Aliuliza tu komeo likoje, na akasema Jumamosi atakwenda kulitazama mwenyewe.

Asubuhi tuliyoondoka mwezi ulikuwa umekwisha pita kumi na saba na maji yalianza kufa. Tulimwacha mwalimu mkuu jikoni akihesabu kuni zilizobaki, na ustadhi akimwambia bamvua ijayo ni baada ya siku kumi na tatu.