Kijana wa Laini Hufunzwa Kwanza Kukataa

Ukifika kituo cha matatu mjini Kitale asubuhi na mapema, baridi ya Mlima Elgon hukupokea kabla makanga hajakuita. Abiria wenzangu walikuwa wakinunua chai na mandazi. Mimi niliangalia juu, kwenye nguzo za stima. Nilikuwa nimekuja kutafuta habari za vijana wanaosomea kazi ya laini, watu tunaowakumbuka taa zinapozimika tu.

Kitale ni mji wa mahindi, lakini pia ni mji wa karakana. Katika Kitale National Polytechnic, kijana husomea uhandisi wa stima. Wengine hupitia mitihani ya ufundi ya NITA, kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza. Mwenye bahati huweza kuendelea katika chuo cha Kenya Power kilichoko Ruaraka, Nairobi. Hata hivyo, msomaji mpenzi, usidhani kwamba cheti cha kuweka stima nyumbani kinatosha kumpandisha mtu nguzoni. Nyumbani stima ni volti 240. Juu ya nguzo nyingi za vijijini ni volti 11,000, na kwingine 33,000.

Nilipanda matatu ya kwenda Webuye, ili niunganishe hadi Bungoma. Kando yangu aliketi mzee mmoja aliyekuwa akimpelekea mwanawe karo katika chuo cha ufundi cha Sang'alo.

"Anataka kuwa mtu wa laini, binti yangu," aliniambia. "Mimi na mamake hatulali."

Nilimuuliza sababu. Alisema kijijini mwao kulikuwa na kijana fundi hodari wa nyumba. Jioni moja stima ilipotea, majirani wakamwita akaangalie fyuzi kwenye transfoma. Walimchangia pesa kidogo, wakamshikia ngazi. Hakushuka akiwa hai.

Tulinyamaza. Tulipita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu. Pembeni mwa mashamba ilisimama mikaratusi iliyonyooka. Miti ya aina hiyo ndiyo iliyowapa wakulima wengi wa Bonde la Ufa na Magharibi soko la nguzo, kabla nguzo za saruji hazijaanza kushindana nayo.

Eneo la Webuye lina historia ya stima. Mwishoni mwa miaka ya 1950, laini ya volti 132,000 ilijengwa kutoka Tororo, ikipita pande hizi kupeleka Nairobi umeme wa bwawa la Owen Falls la Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954. Kwa miaka mingi wenyeji waliishi chini ya nyaya hizo huku wakisomea kwa taa ya koroboi. Mpango wa kusambaza stima vijijini ulianza mwaka 1973, na ule wa Last Mile ukafuata mwaka 2015. Nguzo zimeingia hadi mabomani, na kazi ya mtu wa laini imekuja nazo.

Mjini Bungoma nilizungumza na mkufunzi mmoja wa kazi hiyo. Nilidhani ataanza na namna ya kupanda. Alicheka.

"Kupanda ni rahisi," alisema. "Hata nyani hupanda. Sisi tunaanza na kukataa kupanda."

Alinihesabia kwa vidole. Kwanza, laini izimwe. Pili, swichi ifungwe kwa kufuli na kuwekwa bango, mtu asiiwashe bila kujua. Tatu, waya upimwe kwa chombo, kwani macho hayaoni stima. Nne, nyaya ziunganishwe na ardhi pande zote mbili za mahali pa kazi. Na helmeti, glavu na mkanda vivaliwe tangu mwanzo, kabla ya kupima waya.

"Ikiwa imezimwa, ardhi ya nini?" nilimuuliza.

Alinionyesha mawingu yaliyokuwa yakijikusanya. Radi ikipiga mbali inaweza kutembea katika waya uliokufa. Tena kuna mwenye duka anayewasha jenereta bila kutenganisha nyaya zake na za nje. Stima yake hurudi nyuma hadi kwenye transfoma, ikageuzwa kuwa maelfu ya volti, ikamkuta mtu aliyeamini kwamba laini imelala. Iwapo nyaya zimefungwa ardhini, stima hiyo huenda ardhini badala ya kupita mwilini mwake.

Jioni nilikutana tena na yule mzee kituoni, risiti ya karo mfukoni. Nilimweleza niliyofunzwa. Alisikiliza, kisha akauliza: "Na majirani wakimchangia pesa wamwambie apande?"

"Aliyefunzwa atawaambia wapige simu kwa kampuni wangoje, mzee."

"Wangoje gizani?"

"Wangoje gizani."

Alifikiri kidogo. "Basi na amalize masomo," akasema. Mvua ikaanza kunyesha.