Sakafu Iliyo Chini ya Taka Zetu

Ndugu msomaji, asubuhi ulipotoka kwenda kazini ulimkabidhi kijana wa mkokoteni mfuko wako wa taka pamoja na ada yake, ukashika njia bila kugeuka nyuma. Sikulaumu. Hata mimi kwa miaka mingi nilifanya vivyo hivyo, nikiamini kwamba kitu kikishatoka mlangoni kwangu kimekwisha. Leo naomba tufuatane mimi nawe hadi mahali ambapo mfuko ule hulala kabla ya kusafiri tena, nikuonyeshe kitu ambacho watu hukikanyaga kutwa na hakuna anayekitazama, yaani sakafu.

Mimi ni mwashi. Kazi hii niliirithi kwa marehemu baba, ambaye alinifunza kwa timazi na kwa makofi. Nimejenga nyumba za kuishi, nimejenga madarasa, na sijapata kumwona mtu aliyekuja kunishukuru kwa ajili ya sakafu. Watu husifu paa na madirisha. Mwanzoni mwa mwaka 2016 niliitwa kufanya matengenezo katika kituo kimoja cha kuhamishia taka hapa Dar es Salaam. Hapo maguta, mikokoteni na magari madogo humwaga taka zilizokusanywa mitaani, kisha kijiko huzizoa na kuzipakia katika malori makubwa. Jina la kituo silitaji, kwa kuwa kosa nitakalolisimulia lilikuwa langu kwa sehemu kubwa.

Huenda ukauliza kwa nini taka zisipelekwe jaani moja kwa moja. Jibu ni umbali. Zamani majaa yalikuwa katikati yetu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kulalamikia jaa lililokuwa likiwafukizia moshi na uvundo majumbani mwao, na mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa kuiongezea halmashauri muda wa kuendelea kumwaga taka pale. Walikuwa na haki, na kila mwenye pua atakubali. Lakini jaa likifukuzwa hapa sharti liende pengine, na leo taka za jiji hupelekwa Pugu Kinyamwezi, kiasi cha kilometa 30 na zaidi kutoka katikati ya jiji. Mwenye mkokoteni hawezi kusukuma mzigo hadi huko na kurudi kabla jua halijatua. Ndiyo maana panahitajika mahali pa kati, na mahali hapo panahitaji sakafu ngumu.

Sakafu ya sebuleni kwako hubeba viti na watoto. Hii yetu hubeba lori lenye tani nyingi, ambalo hukata kona papo hapo na kuyasaga magurudumu yake juu ya zege. Kijiko nacho hushusha bakuli lake la chuma na kulikwangua zege kutoka ukuta hadi ukuta, mara kwa mara, kutwa nzima. Kwanza huondoka ule uso laini wa saruji na mchanga. Kisha kokoto huanza kuchungulia, nazo zikishalegea hung'oka moja moja kama meno ya mzee. Mwisho huonekana nondo, na zikionekana hizo, mwashi mwenye akili husimamisha kazi.

Hata hivyo, adui mbaya zaidi ni maji yatokayo katika taka zenyewe. Mama wa nyumbani anajua jinsi togwa linavyochacha, na mnywaji wa tembo anajua jinsi tembo la jana linavyogeuka kuwa siki. Maganda ya ndizi, ugali uliolala na nyanya zilizooza hufanya vivyo hivyo ndani ya mfuko wako. Saruji ina asili ya chokaa. Kamulia limau juu ya chokaa uone linavyotoa povu. Ndivyo maji yale machachu yanavyoila sakafu, polepole, usiku na mchana, hata siku ambayo hakuna lori lililoingia. Kwa hiyo sakafu hujengwa kwa mwinamo, kiasi cha sentimeta 2 kwa kila meta, ili maji yakimbilie mfereji yasije yakatuama. Nawe, ndugu msomaji, ukiyachuja mabaki ya chakula kabla ya kuyatupa, utakuwa umenisaidia kazi ambayo hujapata kuiona. Na vipande vya chupa uvifunge peke yake katika karatasi nene, maana wapo watu wanaozishika taka zako kwa mikono mitupu.

Nije sasa kwenye ukaguzi. Sakafu haikaguliwi ikiwa chafu. Huanza kwa kufagiliwa, kisha huoshwa, kisha watu husubiri ianze kukauka. Hapo ndipo nyufa hujitaja zenyewe, kwa kuwa sehemu nyingine zikishakuwa nyeupe ufa hubaki na mstari mweusi wa maji. Baada ya hapo tunaigawa kwa chaki katika miraba ya meta 2 kwa 2, na kila mraba hupewa namba katika daftari. Kisha hushikwa nyundo. Zege zima likigongwa hulia kwa sauti kali na nyembamba. Zege lililoachana na tabaka la chini huitika kwa sauti bubu, kama debe lililofunikwa kwa gunia. Wengine huburuta mnyororo, wakasikiliza unavyobadili sauti. Mimi nilizoea nyundo. Mwinamo tunaupima kwa mpira wa maji, na mashimo tunayapima kwa fito iliyonyooka na rula. Ni kazi ya kupiga magoti, tena hufanywa usiku au alfajiri, wakati kijiko kimenyamaza na sikio linaweza kufanya kazi yake.

Katika ukaguzi wangu wa kwanza nilikuta kipande kibovu karibu na lango, mahali malori yanapogeukia, chenye urefu wa meta 6 na upana wa meta 4. Nikakitengeneza kama nilivyofunzwa. Kingo tulizikata wima, maana kiraka chenye ukingo mwembamba kama upanga hubanduka kabla ya mwezi kwisha. Tukachimba kwa tindo na mtaimbo hadi tulipokuta zege zima, tukapita hata nyuma ya nondo ili zege jipya lizikumbatie pande zote. Kutu tuliisugua kwa brashi ya waya. Usiku kucha tuliliacha shimo likinywa maji, asubuhi tukayakausha yaliyotuama, tukapaka uji mzito wa saruji na kumimina zege kabla uji ule haujakauka. Kwa kila mfuko wa kilo 50 sikuruhusu maji yazidi lita 22, nikihesabu na unyevu uliokuwa ndani ya mchanga, ingawa vibarua walinung'unika kwamba zege zito linawavunja mgongo. Zege la majimaji ni rahisi kulitandaza, lakini likishakomaa huwa dhaifu. Mwisho tuliweka magunia yaliyoloweshwa, nikaagiza yamwagiwe maji kwa siku 7.

Kazi hiyo tuliimaliza siku ya Alhamisi. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha kuanza.

Ndugu msomaji, utakumbuka hali ya jiji katika kipindi kile. Kipindupindu kilikuwa kimezuka Agosti 2015, na tarehe 9 Desemba mwaka ule siku ya Uhuru iligeuzwa kuwa siku ya usafi nchi nzima, viongozi kwa wananchi wakishika mafagio. Kila mtu alizitazama taka kwa hofu. Nasi tulikuwa tumefunga lango! Kufikia Jumapili mikokoteni ilikuwa imepanga foleni barabarani, na wengine walikwisha kumwaga mizigo yao kando ya mfereji wa mtaa ambao watoto huchezea. Msimamizi akanipigia simu, nikaenda.

"Fundi, si limekauka?" akaniuliza.

Nililikanyaga. Nikaligonga, likalia vizuri. "Limekauka, bwana," nikamjibu, "lakini halijakomaa."

"Watu wanaugua huko nje, fundi. Wewe unaniambia habari za kukomaa?"

Nilijua jawabu. Zege halikauki kama nguo kambani. Hukomaa kama mtoto. Siku ya 3 huwa halijapata hata nusu ya nguvu zake, siku ya 7 huwa na kiasi cha theluthi mbili, na hesabu yake kamili ni siku 28. Haya yote niliyajua tangu ujana. Lakini nilitazama nje ya lango nikamwona mama mmoja akiruka maji meusi na mtoto mgongoni, nikaona aibu. Nikachukua daftari, nikaandika: "Sakafu inafaa kutumika." Nikatia sahihi. Sikusingiziwa wala sikutishwa. Mpaka leo sijui kama hofu ya kipindupindu ndiyo iliyoandika maneno yale, au ni uvivu wa kubishana.

Kiraka kilidumu wiki mbili. Kona moja ilimomonyoka, bakuli la kijiko likanasa ncha ya nondo na kuipinda juu kama ndoano. Nilikuwa kazi nyingine, mbali. Alfajiri iliyofuata dada mmoja mfagiaji, aliyevaa kandambili kwa kuwa mabuti ya mpira hayakuwatosha wote, alikuwa akisukuma maji kuelekea mfereji. Ncha ile ilikuwa imefunikwa na taka. Ilimchana mguu kutoka kifundoni hadi karibu na vidole.

Alishonwa, akachomwa sindano ya pepopunda, akakaa nyumbani wiki 5. Alikuwa kibarua wa kulipwa kwa siku, na siku usiyofagia huna malipo. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta ameketi barazani na mguu juu ya kigoda, akichambua mchele kidogo. Nilipeleka sukari na unga. Nikamwambia ukweli wote, kwamba mimi ndiye niliyeandika inafaa. Hakunitukana. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Kaka, kila siku nilikuona umepiga magoti unagonga. Mimi nikadhani unasikia kitu."

Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani, na usingizi sikuupata.

Kazi ya pili niliifanya kwa masharti. Nilimwambia msimamizi kwamba hatutafunga kituo kizima, tutakigawa nusu kwa nusu. Upande mmoja utafanya kazi, upande wa pili utapona, na kati yake tutaweka ukuta wa magogo ili dereva asije akajisahau. Alikuwa mtu mwelewa, tena naye dhamiri ilikuwa ikimsuta, lakini hesabu zake zilikuwa na ukweli wake: nusu ya sakafu hupokea nusu ya taka. Sikuzipata siku 28 nilizoziomba. Nilipata 14, na baada ya hapo kwa wiki mbili nyingine mikokoteni na maguta pekee ndiyo iliyoruhusiwa kukanyaga upande mpya, na taka zake zilisogezwa kwa reki na mabeleshi hadi upande kilipokuwa kijiko. Vibarua waliongezwa. Wote walipewa mabuti; jambo hilo niliuliza kwa maandishi, katika daftari lile lile.

Gharama ililipwa na mitaa. Kwa mwezi ule mikokoteni ilichelewa, na mtaani kwetu lundo lilikua mpaka likaanza kuziba njia. Mke wangu alinikaribisha jioni moja kwa maneno haya: "Baba watoto, hiyo sakafu yako inanukia mpaka chumbani." Sikuwa na la kumjibu. Alimwaga majivu juu ya lundo kila asubuhi, akawachemshia watoto maji ya kunywa, na jirani zetu hawakujua kwamba aliyewacheleweshea mkokoteni alikuwa akila nao daku na futari katika mtaa huo huo.

Upande ule mpya bado upo. Umechakaa, maana hakuna sakafu ya taka isiyochakaa, na kila mwezi mimi hupima kwa fito umepungua kiasi gani. Kokoto zimeanza kuchungulia karibu na lango. Nondo hazijaonekana.

Dada yule alirudi kazini. Huchechemea kidogo wakati wa baridi. Miaka kadhaa sasa ndiye anayenishikia chaki na daftari katika ukaguzi, na mara nyingine huichukua nyundo mwenyewe mimi nikipumzisha magoti. Jumamosi iliyopita alfajiri alikuwa akigonga mraba namba 17, akasita, akagonga tena, akainamisha kichwa.

"Hapa, kaka."

Nilipiga magoti kando yake, nikagonga mara tatu. Masikio yangu yamezeeka, nami sikusikia tofauti yoyote. Nikachukua chaki nikazungushia mahali alipoonyesha, nikaandika tarehe, na Jumatatu tunaanza kukata.