Jibu Linalochelewa

Wengi hudhani usonji ni jambo la utoto. Dhana hii ina asili yake: Leo Kanner, tabibu wa Baltimore, alipoieleza hali hii mwaka 1943, aliandika habari za watoto 11. Walakini mtoto hukua. Wa kwanza kati yao, Donald Triplett, alifanya kazi ya benki katika mji mdogo wa Forest, Mississippi, akafariki mwaka 2023, umri wake miaka 89.

Ndugu yangu mdogo ana miaka 31. Alipokuwa mtoto, shuleni palikuwa na darasa maalumu na mwalimu aliyemfahamu. Alipohitimu, vyote vilikoma. Tangu hapo kila msaada una dirisha, na kila dirisha lina foleni, kelele, na karani atakaye jibu la haraka. Ndugu yangu hujibu, lakini jibu lake huchelewa; likifika, mwingine amekwisha kuitwa. Siku moja karani aliniuliza mimi kama ndugu yangu amekula, naye amesimama ubavuni pangu!

Bunge la Uingereza lilipitisha mwaka 2009 sheria kwa ajili ya watu wazima wa England wenye usonji. Sisi Tanzania tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Nazithamini zote mbili, ijapokuwa sheria haipunguzi kelele za dirishani. Haja ya ndugu yangu ni ndogo: swali lililoandikwa, mahali patulivu, na ruhusa ya kujibu kesho. Ameyaeleza haya mwenyewe katika barua ya kurasa 2, kwa mwandiko mzuri. Bado tunatafuta dirisha la kuipokea.