Mtaa ulishamwita injinia, akaogopa kusema amefeli

Mwaka juzi, mwezi Desemba, nilipanda daladala kutoka Ubungo kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kumwona mdogo wangu. Alikuwa na wiki ya sita ya mwaka wa kwanza, anasomea uhandisi mitambo. Kila nikimpigia simu jibu lilikuwa lilelile: "Niko poa, dada."

Ukifika Mlimani kwa mara ya kwanza unaelewa kwa nini wazazi hujivunia. Kuna miti mikubwa, tumbili wanaovizia mikate ya wanafunzi, na Ukumbi wa Nkrumah tuliozoea kuuona nyuma ya noti ya Sh500. Kuna majengo ya uhandisi, masomo yaliyoanza hapo mwaka 1973, na maktaba mpya iliyozinduliwa mwaka 2018, yenye nafasi ya kukaa watu zaidi ya 2,000.

Nilimkuta nje ya karakana. Akanionyesha viganja vilivyoota malengelenge. Wiki nzima walikuwa wakibana kipande cha chuma kwenye jiliwa na kukipiga tupa mpaka kikae mraba. Alicheka akieleza, lakini suruali ilikuwa inampwaya.

Nilimnunulia chipsi mayai, tukakaa kivulini. Alipomaliza sahani ndipo akasema. Jaribio la kwanza la hesabu alikuwa amepata 6 kati ya 20, yeye aliyekuwa akiwafundisha wenzake kidato cha sita. Tangu siku hiyo alikuwa akilala saa tisa usiku, akila mara moja ili fedha zimfikishe mwisho wa mwezi, na akikwepa vipindi vya mazoezi asije akaitwa ubaoni.

"Kwa nini hukusema?"

"Mtaa mzima unaniita injinia. Mama nitamwambiaje?"

Naandika habari za afya, na sikuwa nimeliona hilo kwenye simu. Mtu mzima anahitaji kulala saa saba au zaidi, kwa sababu usingizini ndipo ubongo unapohifadhi alichojifunza mchana. Anayekesha kila siku huku tumbo likiwa tupu anasoma saa nyingi na kubakiza kidogo. Mdogo wangu hakuwa mvivu. Alikuwa amechoka, tena peke yake.

Jioni alinipeleka kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayetoka mkoa wetu. Yule kijana hakushangaa. Alisema naye aliwahi kufanya sapu ya hesabu, akamwingiza kwenye kikundi chake cha diskasheni. Kesho yake mdogo wangu alirudi kwenye vipindi vya mazoezi.

Mzazi, ukiwa na mtoto anayeanza uhandisi, haya ndiyo niliyojifunza siku ile.

Usiulize "masomo yanaendaje?" Jibu lake ni "vizuri". Uliza amekula nini leo, amelala saa ngapi, anasoma na nani. Atakayekosa jina la mwenzake hata mmoja, mfuatilie.

Fedha za matumizi mgawie kwa wiki kama unaweza. Za mwezi mzima zikiisha mapema, kinachopunguzwa kwanza ni chakula.

Mwambie mapema kwamba kufeli jaribio moja si kufukuzwa chuo. Kuna mtihani wa marudio, kuna walimu wa kuwauliza, na kuna ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Aende wiki ya sita, asisubiri matokeo ya mwisho.

Hakikisha bima yake ya afya inafanya kazi na anajua zahanati ya chuo ilipo kabla hajaumwa.

Mdogo wangu alimaliza mwaka wa kwanza na sapu moja, ya hesabu hiyohiyo. Aliifanya, akafaulu. Safari hii mama alijua tangu siku matokeo yalipotoka, na alichomuuliza kwanza ni kama amekula.

Mtaani bado wanamwita injinia. Aliporudi likizo alimjibu jirani mmoja, "Bado mzee, nimebakiza miaka mitatu." Mama alikuwa amesimama pembeni, akacheka kuliko sote.