Uji wa Baada ya Kichapo

Langas, Eldoret

Mwanangu mpendwa,

 

Nilipokuja kwako Kapsoya Jumapili niliona jambo ambalo sikutaka kulisema mbele ya mumeo. Ulinyoosha mkono kabatini kuchukua sukari, na kijana wako wa miaka mitatu akajikunyata, akafunika kichwa kwa mikono miwili. Wala hukuwa na nia ya kumgusa. Baadaye nilimsikia uani akimchapa mtoto wa jirani kwa patapata: "Nimekwambia mara ngapi?" Sauti ilikuwa yako kabisa.

Jibu lako nalijua. Humpigi kwa hasira, na ukishamchapa unampakata, unampa uji, mnacheka, mambo yanaisha. Wengi huamini kwamba mapenzi hufuta kichapo, hata watafiti wakaona heri wapime. Jennifer Lansford na wenzake walifuatilia familia za nchi nane, Kenya ikiwamo. Za kwetu zilikuwa za Kisumu. Walichochapisha mwaka 2014 ni kwamba upole wa mama hauwezi kutegemewa kuondoa madhara ya kichapo, na kwingine wasiwasi wa mtoto ulizidi pale mama mpole alipokuwa pia mchapaji. Marekani nako, waliofuatilia watoto tangu umri wa mwaka mmoja hadi mitano walikuta waliochapwa wanazidi kuwa wagomvi, mama awe mpole asiwe.

Mimi hilo halinishangazi. Mtoto wa umri wa mwanao hajui kama mkono unaomjia ni wa kumpakata au wa kumchapa mpaka umfikie. Kwa hiyo anakaa akiuchunga, na anayeuchunga mkono hasikii unachomfundisha.

Utasema sisi tulichapwa na tukawa watu. Tukawa, ndiyo. Lakini fimbo ilitufunza kuficha makosa zaidi ya kuyaacha. Muulize yeyote wa rika langu akueleze sukari ya mama yake ilikuwa ikiishaje.

Sheria nayo imeshasema. Kifungu cha 29 cha Katiba ya 2010 kinakataza adhabu ya viboko kwa mtu yeyote, na shuleni kiboko kilipigwa marufuku tangu 2001. Mwalimu akimgusa mwanao, najua utakuwa ofisini kwa mwalimu mkuu kabla ya kengele. Basi nyumbani ruhusa hiyo umeipata wapi?

Sikwambii umlee kama yai. Akimwaga maziwa, mpe kitambaa mpanguse pamoja. Akimpiga mwenzake, mshike mkono, chuchumaa umtazame machoni, umwambie maneno machache tu: "Hatupigi watu." Kisha mchezo umekwisha, aingie ndani. Atalia. Mwache alie, mcha mwana kulia hulia yeye, na methali hiyo haijataja fimbo popote. Kesho akirudia, nawe rudia vilevile, bila kupandisha sauti. Na siku ambayo foleni ya Uganda Road imekumaliza, keti kwanza kibarazani upoe kabla ya kuingia kuuliza nani kavunja nini.

Yaya wako naye awe na amri hiyohiyo, maana ndiye anayeshinda na mtoto kutwa. Mwambie leo jioni, na mumeo awepo asikie.

Ni mimi shangazi yako.