Fimbo imebadilisha mkono, mgongo ni ule ule

Mzee mmoja aliyekimbia kijiji chake upande wa Walikale analala leo katika familia iliyompokea huku Masisi. Kila jioni, wakimaliza ugali na sombe, wajukuu wanamuuliza: "Babu, tutarudi lini?"

Wiki hii jibu lilikuja na kijana wake mkubwa, aliyeenda kuchungulia shamba. Mihogo imekomaa. Lakini kwenye bariera, wanaume wenye bunduki wanadai jetoni ya kila mwezi. Asiye na pesa anabeba mizigo yao au anatengeneza barabara, bila malipo.

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akawaeleza yale aliyoyasikia kwa baba yake.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Japani iliteka mashamba ya mpira ya Asia. Wabelgiji wakawarudisha watu wa Kongo porini kutafuta mpira, kazi iliyomwaga damu nyingi wakati wa mfalme Léopold II, aliyeishika nchi hii kama mali yake toka 1885 hadi 1908. Mwaka 1942, siku za kazi ya lazima zilipandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Mwanaume alitoka kwenye barabara akaingia porini, na shamba likabaki kwa mke wake. Aliyekataa alifungwa, na gerezani kuchapwa kiboko kuliruhusiwa na sheria.

Mwaka 1944, watu wa Masisi, Walikale na Lubutu, wengi wao Wakumu, waliasi. Aliyewaongoza, Bushiri Lungundu wa dini ya Kitawala, aliitwa Mukombozi. Askari waliyavunja maasi hayo. Wengi waliuawa, wengine wakapelekwa uhamishoni mbali na kwao.

"Basi ni Wazungu waliotuharibia," mjukuu mmoja akasema.

"Walianzisha," mzee akajibu. "Lakini Mzungu aliacha utawala mwaka 1960. Anayeshika fimbo leo anaongea lugha yetu. Fimbo imebadilisha mkono, mgongo ni ule ule."

Ndivyo ilivyokuwa. Baada ya uhuru, Mobutu alileta salongo, kazi ya wote kwa ajili ya nchi, na mara nyingi ikawa ya kulazimishwa. Vikundi vyenye silaha navyo vimechukua jina hilo hilo. Mwezi wa sita 2022, mfalme Philippe wa Ubelgiji alisema Kinshasa kwamba ana majuto makubwa, bila kuomba msamaha. Wanaosimama kwenye bariera hawajasema hata hayo. Na Katiba ya nchi yetu, kifungu cha 16, inakataza kumlazimisha mtu yeyote kufanya kazi.

Lakini kifungu hakijazi sufuria. Kijana aliamua kurudi kuvuna. Mtoto wake wa miaka kumi na miwili alitaka kumfuata, maana mikono miwili inabeba kidogo. Mama yake hakusema kitu. Njaa ilikuwa imeshasema.

Mzee ndiye aliyekataa. "Baba yangu alibeba. Mimi nilibeba. Wewe unaenda kubeba. Huyu asijifunze njia ile."

Asubuhi, kijana aliondoka peke yake, na pesa ya jetoni aliyokopa kwa majirani. Mtoto alibaki mlangoni na bidoni ya maji, akiangalia barabara.