Kumjengea Mjane si Kuezeka Tu



Katika parokia nyingi Wakristo wa jumuiya ndogo ndogo hujitolea kuwajengea nyumba wajane, wazee na yatima. Wanaume huchimba msingi na kupandisha kuta, akina mama huteka maji na kupika uji, vijana hubeba matofali. Ni jambo jema kabisa. Mtume Yakobo atufundisha kwamba maneno matamu peke yake hayamfai mtu mwenye njaa na baridi. Lakini, ndugu zangu, yako mambo matatu ambayo tukiyasahau, jasho letu laweza kupotea bure.

La kwanza ni kiwanja. Mimi ni karani wa parokia, nami ndiye niandikaye daftarini siku za kazi na michango ya watu. Mwaka juzi jumuiya moja ya kigango chetu ilitaka kumjengea mama mjane mwenye watoto wanne. Kibanda chake kilivuja hata usiku wa mvua walikesha wameketi. Matofali yalikuwa yamekwisha kuchomwa. Ndipo katekista mmoja mzee akauliza, "Je, ardhi hii ni ya nani?" Wengi walinung'unika, maana masika yalikuwa karibu. Kumbe shemeji wa yule mama alikuwa akisema waziwazi kwamba shamba ni la ukoo, na nyumba ikiisha ataingia yeye!

Basi kazi ikasimama. Tulikwenda Halmashauri ya Kijiji pamoja na mama na majirani waliojua mipaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, yasema kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi kihalali haina nguvu. Mwishowe mama alipewa hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake mwenyewe. Kungoja huko kulikuwa na taabu. Masika yaliwakuta bado kibandani, ikabidi watoto wakalale kwa jirani. Kiangazi nyumba ikajengwa. Shemeji alikuja na maneno yake, akaonyeshwa hati, akaenda zake. Bila karatasi ile, tungalimjengea yeye.

La pili, mwenye nyumba apewe sehemu yake ya kazi. Mwaka 1973 Mmarekani Millard Fuller na mkewe Linda walikwenda Mbandaka, nchi ya Zaire ya wakati ule, wakajenga nyumba pamoja na wenyeji. Waliporudi kwao, mwaka 1976 walianzisha chama cha Habitat for Humanity. Familia isaidiwayo hufanya kazi kwa mikono yake pamoja na waliojitolea. Hata Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani, alianza kushika nyundo pamoja nao mwaka 1984, akaendelea hata uzeeni. Alifariki mwaka 2024, mwenye miaka 100. Yule mjane wetu naye alisomba mchanga kila asubuhi, na ndiye aliyechagua mlango utazame wapi. Leo akipokea wageni, hasemi "nyumba ya jumuiya". Asema "kwangu".

La tatu, kazi ya sadaka isiwe kazi ya ovyo. Ukuta wa udongo huanza kuharibika chini, maji ya mvua yanaporuka na kuulowesha. Kwa hiyo msingi wa mawe na uinuke juu ya ardhi, paa litokeze vizuri nje ya kuta, na mfereji uchimbwe kuzunguka nyumba. Tena awepo fundi mmoja ajuaye timazi na pima maji, na wote wamtii, hata mwenyekiti. Wingi wa mikono haunyoshi ukuta uliopinda.

Labda mtasema mambo haya yachelewesha huruma. Sivyo. Siku ya kubariki nyumba huimbwa, huliwa, kisha kila mtu hurudi kwake. Mjane hubaki na watoto wake, na mvua, na ndugu wa mume. Basi kabla ya kuita watu waje na majembe, kaeni naye kwanza, mmwulize: Kiwanja ni cha nani? Wewe waweza kufanya nini? Wataka nyumba ya namna gani? Akiisha kujibu, chimbeni msingi.